Ushauri gani uliopewa kazini ambao mpaka leo unakuongoza? (Si wa semina, wa kazini kabisa)

#1 Kalamu Nyekundu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nimechoka na maneno ya semina. Kila mara kuna mtu kashika maikrofoni ukumbini anatuambia tuote ndoto kubwa, tutoke kwenye mazoea, tuamke saa kumi alfajiri. Watu wanapiga makofi, wanasaini posho, Jumatatu kila mtu yuko vilevile alivyokuwa Ijumaa. Sisemi semina zote ni bure. Nasema sijawahi kukutana na bosi mzuri ambaye ukimuuliza nani alimfundisha kuongoza, anataja semina. Anataja mtu. Na mara nyingi ni mtu ambaye hata cheo cha maana hakuwa nacho, na alichomwambia kinaenea kwenye mstari mmoja.

Hoja yangu ni hii, wabishi karibuni: ushauri unaomjenga mtu kazini ni ule unaouambia mkono wake ufanye nini. "Kuwa mwadilifu" hauuambii mkono kitu chochote. Hata anayeiba anakubaliana nao.

Naanza na wangu.

Nilianzia uhasibu kwenye halmashauri fulani, jina nalibakiza. Pale kulikuwa na mhasibu mzee, kabakiza muda mfupi astaafu, miwani yake kaifunga uzi kwenye mkono mmoja. Hakuwa Mweka Hazina wala mkuu wa kitengo. Kazi yake ilikuwa kupitia hati za malipo kabla hazijapanda juu, na kijana yeyote mgeni alikuwa anakalishwa kwanza mezani kwake.

Akanipa vocha moja ya mafuta ya gari. Akaniambia: "Usiangalie kiasi. Soma viambatanisho, halafu niambie mkaguzi akikuita utamjibu nini ukiwa umesimama."

Kwa haraka haraka vocha ilikuwa safi. Hesabu imejumlishwa sawasawa, saini zipo, muhuri upo. Mzee akazitoa risiti kwenye pini, akazipanga mezani kwa tarehe. Enzi hizo mashine za EFD, hizi za kutoa risiti za kielektroniki, zilikuwa hazijaingia, risiti ni za kuandika kwa mkono. Ya tarehe 3 namba yake inaishia na 41. Ya tarehe 11 inaishia na 42. Ya tarehe 19 inaishia na 43. Maana yake kituo cha mafuta kilichopo barabara kuu, mabasi yanapanga foleni, kwa zaidi ya wiki mbili hakikumuuzia binadamu mwingine yeyote lita moja ila gari letu. Kisha akafungua logibuku. Tarehe 11 gari lilikuwa gereji, limetolewa injini.

Hakupiga kelele. Hakuandika neno "wizi" popote. Aliandika dokezo la mistari mitatu: anaomba ufafanuzi wa mtiririko wa namba za risiti, na anaomba logibuku ya kipindi husika iambatanishwe. Akaweka tarehe, akasaini, akaniambia nilipeleke jalada masijala. Nikataka kulipeleka moja kwa moja ofisi ya aliyeomba malipo, mlango wa jirani tu. Akakataa. "Likipita masijala lina kumbukumbu. Ukilipeleka mkononi, kesho litakuwa halijawahi kwenda."

Vocha ile haikurudi tena.

Kilichobaki kichwani mwangu ni hilo neno "ukiwa umesimama". Watu wa nje hawajui hoja za ukaguzi zinavyotembea. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anakabidhiwa Rais mwishoni mwa Machi, inaenda bungeni, baadaye LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, inamwita Mkurugenzi wa halmashauri. Mkurugenzi anageuka nyuma kumtazama Mweka Hazina, Mweka Hazina naye anageuka. Swali linashuka ngazi hadi linakuta saini. Wakati huo aliyekuamrisha ulipe keshahamishiwa mkoa mwingine, dereva kaacha kazi, mtunza stoo kastaafu. Iliyobaki ofisini ni saini yako.

Leo mimi ndiye napitisha, na vijana wananiita mkorofi. Sawa.

Haya, wewe uliambiwa nini, na nani, na kukifuata kilikugharimu nini? Nataka na gharama. Ushauri usio na gharama wapelekeeni watu wa maikrofoni.

#2 Mwana wa Rufiji

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Ngoja waje.

#3 Mbishi wa Kudumu

Mkuu stori nzuri, na hiyo ya namba za risiti siyo chai, niliwahi kuiona kwa macho yangu. Ila umeruka sehemu ngumu.

Mzee wako alikuwa anastaafu. Angefanywa nini? Kijana mwenye mkopo benki, mtoto yuko shule ya kulipia, mke mjamzito, akiandika dokezo la "naomba ufafanuzi" kwa mtu anayemjazia tathmini yake ya kazi, kesho anapangiwa kituo ambacho mvua ikinyesha hata pikipiki haifiki. Na atakayeletwa kwenye kiti chake atasaini ile vocha asubuhi na mapema. Fedha imetoka vilevile, mtu mwema ndiye kapotea.

Kwa hiyo ushauri wa mzee ni mzuri kwa nani?

#4 Sista Zamu ya Usiku

Naacha hilo la Mbishi kwanza, nitalirudia. Natoa langu.

Mimi muuguzi, wodi ya upasuaji. Inchaji wangu wa kwanza, yaani msimamizi wa wodi, alikuwa mama mmoja mkimya sana, na alikuwa na sheria moja: zamu inakabidhiwa kitandani, haikabidhiwi mezani.

Wasio wa hospitali niwaeleze. Asubuhi wa usiku anatoka, wa mchana anaingia. Njia rahisi ni kukaa kwenye meza ya wauguzi, mmoja anasoma kitabu cha ripoti: kitanda cha 4 anaendelea vizuri, kitanda cha 5 anaendelea vizuri, kitanda cha 6 kafanyiwa upasuaji jana, anaendelea vizuri. Chai inapoa, tumechoka, twende nyumbani. Yule mama alikuwa hakubali. Anasimama, anachukua mafaili, mnamfuata kitanda kwa kitanda, anayetoka anaeleza mbele ya mgonjwa.

Asubuhi moja tumefika kwa mgonjwa ambaye ripoti inasema vizuri. Kalala, katulia, presha nzuri, dripu inashuka. Inchaji akainama, akaonyesha mfuko wa mkojo pembeni ya kitanda. Mtupu. "Huyu kaingiziwa maji usiku kucha. Yako wapi?" Akafunua shuka, akaufuata mpira kwa kidole kutoka kwenye mfuko kwenda juu. Ulikuwa umekunjika chini ya paja la mgonjwa. Akaunyoosha, mkojo ukaanza kushuka. Hapo ilikuwa ni mpira tu. Ingeweza kuwa ni figo, na ingekuwa figo tusingejua mpaka raundi ya daktari.

Hakumfokea wa usiku. Alimwambia aandike saa na kiasi, basi.

Gharama umeiomba, nakupa. Makabidhiano ya namna hii ni marefu, hasa wodi ikijaa hadi wagonjwa wamelala chini. Wa zamu ya usiku wanakuchukia waziwazi, maana daladala zinawapita wakiwa bado wako kitanda cha 12. Siku hizi mimi ndiye inchaji na najua ninavyosemwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Ila kuna kitu nilikielewa nikiwa tayari nimekikalia kiti: yule mama hakuwahi kutuagiza. Alikuwa anatembea yeye, kila asubuhi, sisi tukiwa nyuma yake. Nilijaribu kuisimamia sheria hiyo kwa tangazo la ukutani nikiwa likizo, wakarudi mezani siku ya kwanza.

#5 Fundi wa Chini ya Mwembe

Fupi. Bosi wangu gereji: "Mteja akifika, usifungue boneti. Panda, mwambie aendeshe." Wateja wanakuja na jibu lao, "badilisha plagi". Ukizunguka naye mtaa mmoja unausikia mlio mwenyewe, na unamwona anavyokanyaga klachi. Nusu ya magonjwa ya gari yako kwenye mguu wa mwenye gari, lakini hilo huwezi kumwambia mpaka umekaa naye.

Gharama: mafuta ya mteja na dakika kumi za kelele za "wewe fundi au abiria".

#6 Kutoka Eldoret

Niaje wakuu, nawasoma kutoka huku Kenya. Uzi mtamu.

Mimi si mwanariadha, nafanya kazi ya ushirika wa maziwa, lakini huku kwetu huwezi kuongea habari ya ushauri bila kumtaja kocha Patrick Sang na mkimbiaji wake wa marathoni, Eliud Kipchoge. Wengi wanamjua Kipchoge wa Vienna 2019, saa 1:59:40, na wa Berlin 2022, saa 2:01:09. Wachache wanajua alivyoanza.

Kipchoge ni mtoto wa Kapsisiywa, Nandi. Sang anatoka eneo hilohilo, na wakati huo alikuwa mtu mkubwa: medali ya fedha ya Olimpiki Barcelona 1992, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Kijana akamwendea kumwomba programu ya mazoezi. Sang hakumkalisha kumpa hotuba ya maisha. Alimpa programu. Kijana akaenda akaifanya, ikaisha, akarudi kuomba nyingine. Akapewa. Akarudi tena. Mwaka 2003 huyo kijana, umri miaka 18, yuko Paris anawashinda Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele kwenye fainali ya dunia ya mita 5,000.

Sasa mleta mada anasema ushauri uuambie mkono ufanye nini. Hapa uliiambia miguu. Karatasi ya mazoezi ndiyo ushauri wenyewe, na kurudi kwa kijana ndiyo mtihani. Sang alikuwa hana haja ya kumuuliza kama ana nidhamu.

Mnasema pia kuhusu gharama. 2012 Kipchoge alikosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya kwenda London. Mtu wa dhahabu ya dunia anabaki nyumbani anatazama Olimpiki kwa runinga. Wengine hapo hubadilisha kocha, au hustaafu na kununua matrekta. Yeye alibaki na kocha yuleyule, wakahamia marathoni, Hamburg 2013 akashinda mara ya kwanza tu. Halafu Rio 2016 dhahabu, Tokyo dhahabu.

Na hii ya Sista ya "alikuwa anatembea yeye" imenigusa. Kwenye kambi ya Kaptagat kuna zamu za kazi: kufagia, kupika, kusafisha choo. Kipchoge yuko kwenye hiyo zamu. Bingwa wa Olimpiki anasugua choo, kijana aliyejiunga jana anamwona. Huyo kijana utamwambia nini tena kuhusu unyenyekevu?

#7 Mbishi wa Kudumu

Eldoret, Kipchoge ana mapafu ambayo mimi sina. Tusichanganye kipaji na ushauri. Ni wangapi walipewa programu na wasifike popote? Hao hawana uzi.

#8 Kutoka Eldoret

Kweli kabisa, wako wengi, nawajua wengine. Lakini sijasema programu ilimpa mapafu. Nasema ilimwonyesha kocha nani wa kuendelea kumpa muda wake. Hilo ni la uongozi, si la mapafu.

#9 Mwalimu Mstaafu

Salaam vijana.

La kwangu la kazini ni dogo. Mkuu wangu wa shule wa kwanza aliniambia, ukimkosoa mwalimu mkosoe ofisini mlango umefungwa, ukimsifu msifu paredi. Nimelifuata hadi nastaafu, na sina la kuongeza hapo.

Ninachotaka kukisemea ni swali la Mbishi kule juu, la nani anaweza kumudu gharama. Mtazameni Mzee Ali Hassan Mwinyi. Katikati ya miaka ya 1970 kulikuwa na operesheni Mwanza na Shinyanga ya kuwasaka waliokuwa wakiua wazee kwa tuhuma za uchawi. Watu waliokamatwa wakateswa, wengine wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakushika rungu. Januari 1977 akajiuzulu, kwa sababu wizara ilikuwa yake.

Sisi tuliokuwa watu wazima wakati ule tulisema basi, huyu kaisha. Akapelekwa ubalozi Misri. Januari 1984 Aboud Jumbe alipojiuzulu, Mwinyi akachukua urais wa Zanzibar. Novemba 1985 akampokea Mwalimu Nyerere urais wa Muungano. Haijafika hata miaka tisa tangu "kuisha". Alipofariki Februari 2024, kujiuzulu kule kulitajwa na watu ambao 1977 walikuwa hawajazaliwa.

#10 Mwana wa Rufiji

Mwalimu umetema madini. Kahawa imepoa nasoma.

#11 Mbishi wa Kudumu

Shikamoo mwalimu. Kwa heshima zote, mfano wako unanisaidia mimi.

Mwinyi alijiuzulu chini ya Nyerere. Juu yake kulikuwa na mtu aliyeona, akakumbuka, na miaka kadhaa baadaye akamrudisha. Na Nyerere mwenyewe alikuwa na tabia hiyo, Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, aliacha uwaziri mkuu akamwachia Kawawa, akaenda kukijenga chama. Ndiyo, najua Desemba alirudi akiwa Rais, msinirukie. Ninachosema ni kwamba mkubwa akiwa ameshawahi kuachia kiti, mdogo haogopi sana kuachia chake.

Mhasibu wa halmashauri nani anamwona? Nani anamkumbuka? Mnanipa mifano ya watu waliokuwa na mtu juu yao.

#12 Kalamu Nyekundu (mleta mada)

Mbishi, nimekaa na swali lako tangu jana, na nadhani umeusogeza uzi mahali ambapo mimi sikuwa nimefika.

Nilisahau kuwaeleza kitu kuhusu ofisi ile. Mweka Hazina wa wakati huo alikuwa akiletewa jalada lenye dokezo la yule mzee, hamuiti mzee kumuuliza "mbona unakwamisha kazi". Anaandika chini yake "Nakubaliana" na kulirudisha lilikotoka. Maneno hayo yaliyafanya madokezo ya mzee yawe kitu cha kawaida, kazi za kila siku. Alipohama, akaja mwingine ambaye kila dokezo lilikuwa linamletea hasira. Mzee alikuwa yuleyule, ushauri wake uleule, lakini vijana waliokuja baadaye hawakuushika, kwa sababu waliona unavyomgharimu.

Kwa hiyo nakubaliana nawe nusu. Ushauri mzuri una bei, na bei hiyo anaipanga aliye juu. Hapo ndipo naona uongozi ulipo. Ukiwa mdogo unaulipia ushauri kwa mfuko wako. Ukipata cheo, kazi yako ni kuushusha bei kwa walio chini yako. Inchaji wa Sista aliushusha kwa kutembea yeye. Kipchoge kwa kushika brashi ya choo.

Nusu nyingine nakataa. Kusema "atakayeletwa atasaini tu" ni hesabu ya kukaa bure. Malipo yaliyokataliwa mara moja kwa maandishi hayapiti tena kirahisi, hata kwa mtu mwingine, kwa sababu dokezo lipo ndani ya jalada na folio zina namba. Atakayesaini atasaini akiwa amelisoma.

#13 Mama Stoo

Nimewasoma wote, nami nije na ushauri mbaya. Uzi wote umejaa ushauri mtamu, na mbaya pia unamjenga mtu.

Nilifanya kazi kiwanda cha kusindika samaki, kampuni siitaji. Meneja wetu alikuwa na msemo wake, kaubandika hadi mlangoni: usiniletee tatizo bila suluhisho. Mnaujua, uko kila mahali, watu wanausema kwenye mahojiano ya kazi kama sifa. Na mwanzoni ulinipendeza. Ulinifanya nifikiri kabla sijagonga mlango.

Sasa sikilizeni ulivyofanya kazi chini kabisa. Tuna chumba cha baridi cha kuhifadhi minofu. Usiku mlinzi wa mashine, kijana wa darasa la saba, mwenye masikio kuliko mainjinia wote, akasikia kompresa inalia tofauti. Siyo kelele, inavuta pumzi kabla ya kuwaka. Kipimajoto bado kiko vizuri. Yeye suluhisho hana, siyo fundi wa majokofu. Na mlangoni pameandikwa usilete tatizo bila suluhisho. Akanyamaza. Kesho yake usiku kompresa ikafa, na mzigo wa kwenda nje ukarudishwa kuwa wa soko la ndani, ule uliosalimika.

Kwenye kikao aliulizwa kwa nini hakusema. Akaonyesha mlango kwa kidevu. Hakuna aliyecheka.

Nilipopewa stoo yangu mwenyewe kwenye kampuni nyingine, niliwaambia watu kitu kimoja: ukisikia, ukiona au ukinusa, nipigie saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku, hata kama huna la kusema zaidi ya "sijapenda mlio". Na nikajipa sharti langu mimi: simu hiyo sitaipokea kwa hasira. Hapo ndipo pagumu, wakuu. Mara nyingi simu ya saa nane ni bure kabisa, paka kaangusha kreti. Unatakiwa useme "asante, umefanya vizuri" kwa sauti ambayo itamfanya apige tena. Ukikohoa kwa kuchoka tu, umeshamfunga mdomo.

#14 Sista Zamu ya Usiku

Mama Stoo nakazia kwa kalamu ya wino. Wodini ni hivyohivyo. Mhudumu wa usafi ndiye anakuwa wa kwanza kugundua mgonjwa kabadilika, kwa sababu yuko pale anadeki wakati sisi tunaandika. Akija kusema "yule bibi leo haniulizi habari za mjukuu wake", inuka ukamtazame bibi. Hatakuletea vipimo.

#15 Fundi wa Chini ya Mwembe

"Sijapenda mlio" hiyo ndiyo lugha yenyewe. Nawapa saluti.

#16 Ajira Mpya

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mgeni kazini, niko kitengo cha ununuzi, taasisi sitaitaja. Naomba msaada wa kweli, siyo wa kinadharia.

Mkuu wangu anatoa maelekezo kwa mdomo tu. Ananiita, "muandalie fulani LPO, karatasi nyingine zitakuja". (LPO ni hati ya kumwagiza mzabuni alete bidhaa.) Karatasi haziji. Nikiuliza anasema mimi sina kasi. Sitaki kuwa adui yake siku za mwanzo. Kalamu Nyekundu, mzee wako angefanyaje?

#17 Mbishi wa Kudumu

Naam. Hapa ndipo nilitaka uzi ufike.

#18 Kalamu Nyekundu (mleta mada)

Kijana marahaba, karibu kazini.

Kwanza usimbishie kwa mdomo. Ubishi wa mdomo anaushinda mwenye cheo, na haubaki popote. Ukitoka ofisini kwake, kaa, andika dokezo sabili, lile la ndani ya ofisi, siku hiyohiyo wakati maneno bado ya moto. Usilaumu. Usitaje kifungu cha sheria kwenye dokezo la kwanza, itaonekana unamtisha. Andika kama mtu anayetaka kazi iende:

"Rejea maelekezo yako ya leo asubuhi kuhusu kuandaa LPO kwa ajili ya (taja mzabuni na bidhaa). Ili niweze kukamilisha, naomba nipatiwe ombi la ununuzi kutoka idara husika na idhini ya bodi ya zabuni au ya Afisa Masuuli, kadiri inavyohusika. Nawasilisha kwa maelekezo."

Angalia lilivyokaa. Limesema alikuagiza, limesema lini, limesema nini kinakosekana, na hakuna neno hata moja la kumkasirisha mtu mwenye nia njema. Mwenye nia njema atakuambia "ah, kweli, ngoja nikuletee". Wengine ndio wanaokasirika, na hapo umeshajua uko na nani.

Lipitie masijala. Likipewa namba ya folio, yaani namba ya ukurasa ndani ya jalada, andika namba hiyo kwenye daftari lako. Siku hizi wengine mnatumia ofisi mtandao, vizuri zaidi, mfumo unaweka saa wenyewe. Ila meseji ya WhatsApp isiwe ndiyo kumbukumbu yako, watu wanafuta.

Pili, wahi. Dokezo linaloandikwa kabla ya LPO ni kuomba maelekezo. Dokezo hilohilo likiandikwa baada ya mkaguzi kubisha hodi ni kujitetea, na linanuka hivyo.

#19 Mama Stoo

Ongezea: mpelekee na tabasamu. Dokezo kali mkononi mwa mtu aliyenuna ni vita. Mpe, mwambie "mkuu nimeandaa hapa ili tusicheleweshe".

#20 Ajira Mpya

Nimeandika leo asubuhi, nimefuata hivyohivyo, na tabasamu nimelitia. Amelisoma, amenitazama muda, kaniambia niliache mezani.

Saa tisa jalada limerudi. Ameandika: "Subiri." Bila tarehe, bila saini.

#21 Mbishi wa Kudumu

Hahaha! Huyo ni mzoefu, kijana. "Subiri" isiyo na saini. Hapo umekutana na mwalimu wa upande wa pili.

#22 Kalamu Nyekundu (mleta mada)

Usilirudishe kwake, na usiandae LPO. Chini ya hiyo "Subiri" weka tarehe ya leo na saa, andika "Limepokelewa kutoka kwa Mkuu wa Kitengo, nasubiri maelekezo kama ilivyoelekezwa", saini wewe, na lipeleke masijala kabla hawajafunga.

Halafu nenda nyumbani ukale. Akikuita kesho kuhusu hiyo LPO, njoo hapa utuambie alisemaje.

#23 Mwana wa Rufiji

Nachemsha nyingine.